SHERIA KALI BILA UTETEZI NI RUNGU MKONONI MWA MWENYE NGUVU

Ingieni katika korti yoyote ya hakimu katika jamhuri hii, iwe Kwale, Kitale, Nyahururu au Siaya, mketi benchi la nyuma siku yoyote ya kazi. Aghalabu mtasikia shtaka la ubakaji au la unajisi likisomwa. Kizimbani atakuwa amesimama mtu asiye na wakili, ambaye jibu lake lote ni maneno mawili: "Si kweli." Nje ya mlango atakuwa ameketi msichana na mama yake aliyekopa nauli, nao wanaambiwa kwa mara ya tano kwamba faili haijaletwa na warudi mwezi ujao.

Sisi twasema kwamba kesi hizi zina wanyonge wawili na mwenye nguvu mmoja. Mnyonge wa kwanza ni mlalamishi, ambaye mwili wake ulivunjiwa heshima na ambaye sasa anazungushwa baina ya kituo cha polisi, hospitali na korti. Mnyonge wa pili ni mshtakiwa maskini, ambaye huenda ametenda au hajatenda, lakini anakabiliwa na kifungo cha miaka 15, 20 au cha maisha bila hata mtu mmoja wa kumweleza maana ya karatasi aliyopewa. Na mwenye nguvu je? Huyo hayupo kortini. Mambo yake yalimalizwa zamani, kwa chifu, kituoni, au katika afisi ya mwalimu mkuu.

Hii ndiyo hoja yetu leo. Ukali wa adhabu si haki. Haki ni upelelezi wa kweli, utetezi wa kweli na hukumu ya kweli. Mahali ambapo hivi vitatu havipo, sheria kali huwa rungu, na rungu halimpigi ila aliye karibu na asiye na ngao.

SHERIA HII TULIITAFUTA KWA MACHOZI

Tusiwe wasahaulifu. Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, katika shule ya sekondari ya St. Kizito huko Meru, wavulana walilivamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walifariki na wengine wengi walibakwa. Desemba ya mwaka uo huo taifa lilishangilia kufutwa kwa kifungu cha 2A cha katiba, na vyama vingi vikarudi. Uhuru wa kuunda chama ulipatikana. Uhuru wa msichana kulala bwenini bila hofu haukupatikana siku hiyo.

Wakati huo makosa haya yalikuwa yamewekwa katika Kanuni ya Adhabu iliyorithiwa kutoka kwa mkoloni, chini ya kichwa cha makosa dhidi ya maadili, kana kwamba kilichoumizwa ni adabu ya jamii wala si mwili na nafsi ya mtu. Mahakama nazo zilizoea kutaka neno la mwanamke aliyebakwa liungwe mkono na ushahidi mwingine, ilhali neno la mtu aliyeibiwa mbuzi lilipokewa peke yake. Desturi hiyo ya aibu ilianza kuvunjwa pale Mahakama ya Rufaa ilipoamua, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwamba ni ubaguzi unaopingana na katiba. Leo Sheria ya Ushahidi, katika kifungu cha 124, inamruhusu hakimu kumtia mshtakiwa hatiani kwa neno la mlalamishi peke yake, mradi aandike sababu za kuridhika kwake kwamba mlalamishi anasema kweli.

Kisha ikaja Sheria ya Makosa ya Ngono, Nambari 3 ya 2006, iliyopelekwa bungeni na Njoki Ndung'u, aliyekuwa mbunge wa kuteuliwa na ambaye tangu 2011 ni jaji wa Mahakama ya Juu. Bunge lile lilikuwa na wanawake wachache mno, na wako waheshimiwa walioucheka mswada huo. Haukupita ila baada ya kukatwakatwa. Mume akaachwa nje ya kosa la kumbaka mkewe wa ndoa. Kikaingizwa pia kifungu cha 38, kilichosema kwamba atakayetoa madai ya uongo atapata adhabu ile ile ambayo angepata mshtakiwa. Fikirini, wananchi: mtoto aliyenajisiwa anaambiwa kwamba akishindwa kuaminiwa huenda yeye ndiye atakayefungwa! Kifungu hicho kilifutwa mwaka 2012, baada ya kuwatia watu hofu kwa miaka sita.

SHERIA INASEMA NINI

Twaeleza kwa ufupi, kwani raia asiyeijua sheria hawezi kuitetea wala kujitetea nayo.

Anayepatikana na hatia ya ubakaji hafungwi chini ya miaka 10, na anaweza kufungwa maisha. Anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini ya hapo hupewa kifungo cha maisha. Mtoto akiwa na umri wa miaka 12 hadi 15, kifungo hakipungui miaka 20. Akiwa na miaka 16 hadi 18, hakipungui miaka 15. Katika unajisi, ridhaa ya mtoto si utetezi, kwa kuwa sheria haimtambui mtoto kuwa mwenye uwezo wa kuitoa. Sheria pia inataka majina ya waliohukumiwa yawekwe katika daftari maalumu la wahalifu wa ngono. Anayetumia cheo chake, awe mwalimu, mlinzi wa gereza au mkuu wa hospitali, kumdhulumu aliye chini ya uangalizi wake, ana kosa lake maalumu katika kifungu cha 24.

Sheria hii ina meno. Swali letu ni moja: meno hayo yanamng'ata nani?

MAHALI PA KUZIKIA KESI

Kifungu cha 40 kinasema waziwazi kwamba uamuzi wa kusimamisha upelelezi au mashtaka ya kosa la ngono si wa polisi. Uliwekwa mikononi mwa Mkuu wa Sheria, na tangu katiba ya 2010 mamlaka ya mashtaka ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambaye naye hawezi kuiondoa kesi kortini bila ruhusa ya mahakama. Maana yake ni kwamba koplo hana mamlaka ya kusema "nendeni mkaelewane." Chifu hana. Wazee hawana. Hata mzazi wa mtoto hana.

Lakini ni vijiji vingapi ambavyo mbuzi wawili na shilingi elfu chache zimenunua kimya cha familia nzima? Kaskazini mashariki mwa nchi wanaume huketi chini ya mti wakaita kazi hiyo maslaha. Kwingine huitwa kikao cha wazee. Mijini huitwa kuelewana. Jina hubadilika, lakini anayeuzwa ni yule yule, naye haulizwi. Kumpelekea mtu kama huyo kesi ya jamaa yake ni kuipeleka kesi ya ngedere kwa nyani.

Mwaka 2013, huko Busia, msichana mdogo alibakwa na kundi la vijana na kutupwa katika shimo la choo. Waliokamatwa walipewa adhabu gani na polisi? Kufyeka nyasi za kituo! Wakafyeka, wakaenda zao. Ilibidi taifa lipige kelele, na dunia ipige kelele pamoja nalo, ndipo kesi ikafufuliwa, na mwaka 2015 wanaume watatu wakahukumiwa kifungo cha miaka 15. Mwezi wa Mei mwaka uo huo wa 2013, Mahakama Kuu ya Meru ilikuwa tayari imeamua, katika kesi iliyoletwa kwa niaba ya watoto wa kike walionajisiwa, kwamba polisi wanapopuuza kupeleleza malalamiko kama hayo wanavunja haki za watoto hao chini ya katiba. Na Desemba 2020 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru serikali iwalipe fidia ya shilingi milioni 4 kila mmoja wanne kati ya walalamishi waliodhulumiwa kingono katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007. Wanne tu, baada ya miaka 13! Na ni wangapi waliolala na uchungu huo mioyoni, faili zao zisifunguliwe kamwe?

Hapo ndipo kesi zinapokufa. Hazifi kwa sababu adhabu ni ndogo. Zinakufa kwa sababu nguo hazikuhifadhiwa, kwa sababu daktari wa kujaza fomu ya P3 hakupatikana, kwa sababu mpelelezi alihamishwa na faili ikabaki kabatini.

NA MSHTAKIWA JE?

Sasa twaja mahali ambapo baadhi ya wenzetu watakunja uso. Watasema: "Ninyi mnamteteaje mbakaji?" Twawajibu: hatumtetei mbakaji. Twamtetea mshtakiwa, na tofauti ya hao wawili ndiyo utawala wa sheria wenyewe.

Kizazi chetu hakina haki ya kuusahau mwaka 1986. Watu walitolewa katika vyumba vya mateso vya Nyayo House, wakafikishwa kortini saa ambazo korti zimefungwa, bila wakili, wakakiri makosa ya Mwakenya na kufungwa kabla ya jua kuchwa. Tulisema wakati huo, na twasema leo, kwamba hukumu isiyo na utetezi ni utekaji nyara wenye muhuri. Hatuwezi kuulaani utaratibu huo unapomwangukia mwanasiasa, kisha tukaunyamazia unapomwangukia mchunga ng'ombe aliyeshtakiwa kwa unajisi.

Basi kila mwananchi na ajue. Aliyekamatwa ana haki ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa kortini katika muda wa saa 24. Ana haki ya dhamana ila pakiwa na sababu nzito za kumnyima. Ungamo alilolitoa seluni kwa mpelelezi wa kesi yake halina nguvu. Sheria inataka litolewe mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi mwenye cheo kinachotakiwa asiyekuwa mpelelezi wa kesi hiyo, naye mshukiwa awe na mtu wa tatu aliyemchagua mwenyewe. Kifungu cha 50 cha katiba kinamhesabu kuwa hana hatia hadi ithibitishwe. Kinampa haki ya kuona mapema ushahidi utakaotolewa dhidi yake, kupewa muda wa kujitayarisha, kuwahoji mashahidi, kupata mkalimani bila malipo, na kukata rufaa. Na kifungu cha 25 kinasema kwamba haki ya kusikizwa kwa usawa haiwezi kupunguzwa kwa hali yoyote.

Ajue pia kwamba mzigo wa kuthibitisha ni wa upande wa mashtaka tangu mwanzo hadi mwisho. Katika unajisi ni lazima mambo matatu yathibitishwe pasipo shaka ya maana: umri wa mtoto, tendo lenyewe la kupenya, na kwamba mtendaji ni mshtakiwa wala si mwingine. Umri huthibitishwa kwa cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, uchunguzi wa daktari au ushahidi wa mzazi. Si jambo dogo: tofauti ya mwaka mmoja yaweza kuwa tofauti ya miaka mitano gerezani, au ya kifungo cha maisha. Anayesema kwamba hakuwapo mahali pa tukio na alitaje jambo hilo mapema, mashahidi wake waitwe wangali wanakumbuka, ingawa si juu yake kuthibitisha kwamba hana hatia. Aliyedanganywa kuhusu umri anao utetezi katika kifungu cha 8, lakini ni lazima aliamini hivyo kwa sababu za maana, na korti itauliza alichukua hatua gani kuuhakikisha. Utetezi huo haumfai jamaa wa karibu wa mtoto.

Korti ikiona kwamba ana kesi ya kujibu, mshtakiwa anaweza kula kiapo na kuhojiwa, au kusema bila kiapo, au kunyamaza, na vilevile kuita mashahidi. Akihukumiwa, siku za kukata rufaa kutoka korti ya hakimu ni 14. Ni wangapi wamekaa Shimo la Tewa au Kodiaga, siku 14 zikapita wakiwa bado wanatafuta mtu wa kuwaandikia?

Kuna utetezi ambao si utetezi. Kumfuata mlalamishi nyumbani, kumtumia baba yake pesa, kumtisha shahidi: hayo humwongezea mtu makosa na kumpotezea dhamana. Kadhalika kumhoji mlalamishi kuhusu wanaume aliowahi kujuana nao. Sheria ya 2006 ilipiga marufuku maswali hayo pasipo idhini ya korti, na wakili anayetegemea fedheha badala ya hoja haiheshimu kazi yake.

HAKI ILIYOANDIKWA NA HAKI ILIYOLIPIWA

Katiba inasema kwamba mshtakiwa atapewa wakili kwa gharama ya serikali endapo dhuluma kubwa ingetokea bila hivyo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ilipitishwa mwaka 2016. Lakini mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliamua kwamba haki hiyo si ya kila mtu moja kwa moja; inategemea uzito wa kesi, ugumu wake na hali ya mshtakiwa. Twauliza: kama kifungo cha maisha si uzito, uzito ni nini? Mwizi wa mabavu na mbakaji wa kweli wenye pesa huja na mawakili watatu. Kijana wa kibarua, anayesema kuwa amesingiziwa kwa ugomvi wa shamba, hujiwakilisha mwenyewe mbele ya kiongozi wa mashtaka aliyesomea kazi hiyo. Huo si ushindani. Ni kumfunga mtu mikono na kumwambia aogelee.

Wako waliojaza pengo hilo. Kituo cha Sheria, tangu 1973, na FIDA Kenya, tangu 1985, wamewasaidia wanyonge wa pande zote mbili, na katika baadhi ya magereza wafungwa wenyewe wamefundishwa kuandika rufaa. Twawapongeza. Lakini wajibu wa serikali haugeuki kuwa sadaka ya mashirika.

MASUALA MAWILI YANAYOKWEPWA BUNGENI

La kwanza ni la vijana wa rika moja. Mvulana na msichana, wote wa miaka 16, wakipatikana pamoja, mvulana hushtakiwa na msichana huitwa shahidi. Mwaka 2014, huko Eldoret, Mahakama Kuu iliombwa iseme kwamba huo ni ubaguzi, ikakataa. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa ilieleza kwa uchungu jinsi magereza yalivyojaa vijana wa kiume wanaotumikia vifungo virefu kwa sababu ya uhusiano na wasichana waliokaribia utu uzima, ikaliomba taifa lijadiliane kwa uwazi. Majadiliano yako wapi? Msimamo wetu ni huu: mtoto alindwe na mtu mzima bila msamaha wowote, na umri wa miaka 18 usiguswe kwa manufaa ya mzee anayemmezea mate mtoto wa shule. Lakini watoto wawili wa rika moja wanahitaji mafunzo na ushauri, si gereza. Sheria yaweza kuandikwa ikatenganisha mambo hayo mawili, kama zilivyofanya nchi nyingine.

La pili ni la adhabu za lazima. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilisema kwamba hukumu ya lazima ya kifo kwa mauaji inapingana na katiba. Mahakama za chini zikaanza kuutumia uamuzi huo kupunguza vifungo vya makosa ya ngono. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ikafafanua kwamba ilizungumzia mauaji tu, na Julai 2024 ikarudisha kifungo cha miaka 20 kilichokuwa kimepunguzwa, ikisema kwamba adhabu za chini zilizowekwa na bunge zinabaki kuwa sheria. Baina ya 2017 na 2024 watu waliotenda makosa yanayofanana walipata vifungo visivyofanana, kutegemea mlango wa korti walioingilia. Bunge lilikuwa wapi? Lilikuwa likijiongezea marupurupu.

Twajua hofu ya dada zetu: hakimu akipewa uhuru, atamhurumia mbakaji kama zamani. Hofu hiyo ina msingi, nasi hatuipuuzi. Ndiyo maana hatusemi adhabu ziondolewe. Twasema anayemvamia mtoto wa miaka minane na kijana wa miaka 19 aliyekuwa na mpenzi wa miaka 17 wasipimwe kwa mizani ya chuma isiyosogea. Zaidi ya hayo, hakimu anayejua kwamba kifungo ni miaka 15 bila njia nyingine huenda akatafuta shaka pasipo na shaka, na mkosaji akaenda nyumbani. Ukali usiopimwa huwaponza hata wale uliokusudiwa kuwalinda.

TUNADAI

Kwanza, kila anayeshtakiwa kwa kosa la ngono ambalo adhabu yake ni miaka 10 au zaidi, na asiye na uwezo, apewe wakili wa serikali kabla ya kujibu shtaka, si baada ya kuhukumiwa.

Pili, kila mlalamishi apate fomu ya P3, matibabu na daktari bila malipo, naye mtoto asikizwe kwa faragha na kesi yake isiahirishwe ovyo.

Tatu, polisi, chifu au mzee yeyote anayeizima kesi kwa hongo au kwa kikao ashtakiwe yeye mwenyewe. Kifungu cha 40 kisibaki maandishi matupu.

Nne, bunge liijadili sheria ya vijana wa rika moja na ya adhabu za chini hadharani, wananchi wakisikizwa katika kila kaunti.

Tano, mke wa ndoa apewe ulinzi alionyimwa mwaka 2006.

Wananchi wenzetu, wako watakaotwambia tuchague upande: ama tuwe na wanawake na watoto, ama tuwe na washtakiwa. Tunakataa kuchagua hivyo. Upelelezi mbovu unaomwachia mbakaji ndio huo huo unaomfunga asiye na hatia, na wote wawili wanapokosewa, mkosaji wa kweli yuko nje akitafuta mwingine. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, walisema wahenga. Sisi twasema asinyongwe kabisa kabla haki hiyo haijaonekana.

Someni gazeti hili, mlipitishe mkono kwa mkono, mwulizeni mbunge wenu amefanya nini juu ya madai haya matano. Asipokuwa na jibu, mnayo kura.